Nilivyoinenepesha Kaktusi ya Marehemu

Ndugu zangu, haya ninayo, msidhani sina, na kama ningekuwa na njia ya kuifuta siku ile vichwani mwa watu wote waliokuwa makaburini ningeshaifuta zamani, lakini kwa kuwa kila nikipita mtaani kwetu huku Annexe hakosi mtu wa kuniuliza "Papa Yves, kaktusi iko salama?" huku amejishika mbavu, basi afadhali mkasa huu niusimulie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla haujafika Kipushi umeota mkia na pembe.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya reli tangu ujana wake, kwanza kaskazini kwao, kisha hapa Lubumbashi, na baada ya mke wake na rozari yake kitu alichokipenda ni kaktusi moja (jirani zetu wa mashariki wanaiita dungusi), ile aina inayosimama wima kama nguzo, imefika kifuani kwa mtu mzima, imejaa miiba, nayo aliipanda katika ndoo kuukuu ya rangi aliyoitoboa matundu chini. Alipofariki, mama mkwe akatangaza mbele ya familia kwamba mwaka ukitimia, siku ya kumaliza matanga, kaktusi ile itapandwa juu ya kaburi, maana maua mengine huliwa na mbuzi au huibiwa kabla jua halijazama, ila mwizi wa kukumbatia miiba hajazaliwa. Kisha ikambidi asafiri kaskazini miezi mitatu kumuuguza dada yake, na kaktusi ikaletwa nyumbani kwangu. Mimi ndiye mkwe mkubwa, mimi ndiye niliyeteuliwa kusema neno la familia siku ya matanga, kwa hiyo heshima yangu yote kwa wakwe ilikuwa imepandwa ndani ya ndoo ile ya rangi, na nilijua vizuri sana.

Sasa mtu asiyejua desturi yetu aelewe jambo moja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na mama akiwa na neno kwako atalipitisha kwa binti yake, hata kama mko hatua tatu. Nimemuoa Jacquie miaka ishirini na miwili na mama yake alikuwa hajanielekezea neno hata moja. Siku ya kuondoka alisimama barazani kwangu, akautazama ukuta, akasema:

"Jacquie, umwambie bwana yako, ule muti haiombake kitu. Aiache paka vile iko. Maji mara moja ku mwezi, na mvula ikianza, hata ile aache."

Jacquie akanigeukia: "Papa Yves, umesikia?"

Nilisikia. Masikio yangu hayana ugonjwa, ugonjwa wangu uko juu kidogo ya masikio.

Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nikachungulia ndani ya ndoo, na hapo shetani wa ujuaji akanishika shati. Humo ndani hamkuwa na udongo! Mlikuwa na takataka za ujenzi: mchanga mnene wa mtoni, matofali yaliyopondwa, punje za makaa, na kokoto ndogondogo za kandokando ya reli, vyote vikavu kabisa, ukitia kidole hakitoki hata na unyevu. Nikacheka peke yangu. Nikasema, maskini mzee wa watu, alijua kufunga vyuma vya reli lakini kilimo hakikumpitia hata karibu. Mimi (nyamazeni, nasimulia) nina bustani yangu ya mboga nyuma ya nyumba, nyanya zangu zinajaza kiganja, lengalenga yangu (mchicha) wanawake wanaigombania kabla haijafika sokoni, na leo nikae kulinda mti unaoishi kwenye kifusi?

Kila mtu wa hapa aliyewahi kushika jembe anajua kwamba mfalme wa udongo ni udongo wa kichuguu. Vichuguu vyetu ni vikubwa kama nyumba, tunavichimba, tunafyatua matofali, tunatandaza kwenye mahindi, na mahindi yanatushukuru. Udongo wake ni mwekundu, mzito, unanata, ukiupa maji unayashika wala hauyaachilii. Udongo wa namna hiyo ulinilea, nikaona ni dhambi kuunyima mti wa marehemu.

Basi Jumamosi moja, Jacquie akiwa kwenye kwaya, nikaing'oa kaktusi (kwa magunia mawili mikononi, miiba haina adabu), nikamwaga kile kifusi nje, nikaijaza ndoo udongo wa kichuguu uliochanganywa na mbolea ya kuku, mbichi, na nikaushindilia kwa kisigino mpaka ukalia. Nikamwagia maji ndoo nzima. Maji yakaanza kutoka chini, mekundu, yakatambaa juu ya vigae vya baraza ambavyo Jacquie anavipiga deki kila asubuhi kama altare. Mtu mwenye akili angeweka sahani chini ya ndoo. Mimi nilichukua simenti iliyobaki nilipojenga choo, nikaziba matundu yote, moja baada ya jingine, kwa mwiko, tena nikayalainisha vizuri.

Jacquie aliporudi aliangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Papa Yves, uliifanya nini?"

"Nimeipatia chakula. Ilikuwa na njaa."

"Mama alisema usiiguse."

"Mama yako ni bibi ya mutu ya reli, mama. Miye ni mutu ya bulongo." (Bulongo kwetu ni udongo.)

Tangu siku hiyo nikawa naimwagilia kila asubuhi pamoja na nyanya. Na sikilizeni, ubaya wa ujinga ni pale unapobahatika mwanzoni, kwa sababu ile kaktusi ilinenepa! Ilivimba, ikang'aa, mbavu zake zikajaa, ikawa kijani ambacho hata marehemu hakuwahi kukiona. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikaandika: "Angalieni mukono ya mukwe." Watu wakapiga makofi ya simu. Hata shemeji Ferdinand, mdogo wake Jacquie, mvivu wa kupindukia ambaye akiona glasi ya maji mbali naye anaamua kwamba hana kiu, aliandika: "Shemeji, kweli uko ingénieur!" Nikatuma picha ya pili. Nikatuma ya tatu nikiwa nimesimama kando yake na kofia ya shambani.

Mama mkwe hakupiga makofi. Alimtumia Jacquie sauti fupi, nikaisikia kwa sababu Jacquie aliifungulia makusudi karibu na sahani yangu ya bukari: "Jacquie, ule muti ikinona hivi, haina uzima. Umwambie aache maji." Nikamega tonge langu, nikasema wazee wakikaa mbali na mji wanaanza kuogopa kila kitu.

Halafu mvua ikaanza. Mvua yetu mnaijua, ikishafungua mlango haifungi. Ndoo ilikuwa chini ya ukingo wa bati, matundu yameshibishwa simenti, na udongo wa kichuguu ukafanya kazi yake uliyozaliwa nayo, yaani kushika maji. Baada ya wiki chache sehemu ya chini ya kaktusi ikawa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha ikaanza kutoa majimaji na harufu ya mihogo iliyosahaulika kwenye pipa. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. Jamani, kiliingia chote.

Niliogopa, nikaenda kwa dada mmoja anaitwa Chantal, anauza miche kando ya barabara ya kwenda Luano, nikampakia kwenye pikipiki aje aione (ona nilivyokuwa na haraka, mimi ambaye kila siku nilikuwa nikipita mbele ya miche yake huku nimekunja pua). Chantal hakuangalia kaktusi kwanza. Alitia kidole kwenye udongo, akanusa, akainamisha ndoo, akaona simenti. Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

"Papa, hii bulongo uliitosha wapi?"

"Ku kichuguu. Ni ya namba moja."

"Namba moja ya mahindi! Hii hapana mahindi, papa. Mizizi yake inapumuaka. Inataka bulongo ya mawe-mawe, maji ipite, ikauke, njo tena uipe kidogo. Weye uliizika nzima."

"Sasa?"

"Uikate leo. Kule juu, pale nyama iko ngumu na safi. Kidonda ikauke ku kivuli wiki mbili, kiisha uipande mu muchanga ya nguvu na matofali ya kuponda, bila maji. Itapona. Lakini leo, papa. Hapana kesho."

Huo ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi, na mimi nikaupita kando. Maana nilipiga hesabu ya fahari: siku ya matanga ilikuwa imebaki siku tisa, familia nzima imeona picha ya kaktusi inayonifika kifuani, nitakujaje na kipande cha urefu wa mkono? Nikamjibu Chantal kwa sauti ile ninayoitumia kwa watu ambao wana haki: "Mama, weye unauzishaka maua. Miye nalimaka." Akainuka, akapangusa kitenge, akasema "Haya, papa mulimaji," akaenda kwa miguu. Alikataa hata pikipiki.

Na mtu akishakataa ukweli hana budi kujenga uongo, tena uongo unahitaji vyuma. Nikachukua nondo ya kipimo kidogo, nikaichomeka katikati ya kaktusi toka juu (ikashuka bila upinzani wowote, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili) mpaka ikagota chini ya ndoo, kaktusi ikasimama tena wima. Palipobadilika rangi nikapaka rangi ya kijani iliyobaki ya geti. Juu ya udongo nikatandaza kokoto nyeupe. Nikarudi nyuma hatua tano, nikafumba jicho moja, nikajisifu. Jacquie alisimama mlangoni, akasema tu, "Mama ataona." Nikamwambia mama haruhusiwi kuniangalia, basi ataonaje.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imepumzika na jua likawa kali. Nilivaa suti yangu rangi ya maziwa, ile ya ubatizo, nikakaa nyuma ya gari la shemeji Ferdinand nikiikumbatia ndoo kwa gunia, na barabara ile ya makaburini mnaijua ilivyo na mashimo, kila shimo nikawa nasikia kitu ndani ya kaktusi kinasema *chwa*. Familia yote ilikuwepo, wazee wa kaskazini, watu wa kwaya, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu wamevaa kofia zao za zamani. Mama mkwe alisimama mbali kidogo upande wa wanawake, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka. Karibu na kichwa cha kaburi palikuwa na shimo limeshachimbwa, linasubiri mti.

Na kwa kuwa kazi za mikono kwenye matanga ni za wakwe, ilikuwa lazima niitoe kaktusi kwenye ndoo mwenyewe. Lakini ningewezaje kufanya kazi bila kusema kwanza? Nikakohoa. Nikasema: "Chère famille, muti ni sawa muntu. Ukimupatia bulongo ya mubaya, atakonda. Ukimupatia bulongo ya muzuri, anasimama. Huyu muti nilimukuta mu takataka. Leo mumuone!" Watu wakapiga vigelegele. Nikavaa magunia mikononi, nikaikumbatia kaktusi chini na katikati, nikavuta.

Ndoo haikusogea. Kilichosogea ni kaktusi. Ilitoka kwenye ile nondo yote kwa pamoja, kama nyama inavyotoka kwenye kijiti, na sehemu ya chini ikabaki imefunguka mikononi mwangu, uji mtupu, kijani cha geti kwa nje na kahawia kwa ndani, ukanimwagikia kuanzia tai hadi viatu, na harufu ikatoka ambayo iliwafanya wazee wa reli wavue kofia na kujifunikia nazo pua. Ile sehemu ya juu, yenye miiba mizima na nguvu zake zote, ikaniangukia kifuani. Nikarudi nyuma. Nyuma kulikuwa na shimo. Nikakaa ndani ya shimo, kaktusi imenikalia mapajani.

Sitawaficha, nililia. Nililia kwa sauti ya mbuzi. Ferdinand (kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akikimbia) akaja na wajomba wawili, wakaiondoa kaktusi, lakini miiba ilikuwa imeshashona suruali kwenye ngozi, kila wakiniinua napiga kelele, mpaka mjomba mmoja akatoa hukumu: "Patalo itoke!" Nikasema hapana. Wakasema ndiyo. Ikatoka. Na saa ileile ambayo suruali ilikuwa inapita magotini, mwanamke mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Yoo, muti ya papa imevunjika!" na mama mkwe, ambaye miaka ishirini na miwili hakuwahi kugeuka, akageuka.

Nilikuwa nimevaa chupi ya rangi ya machungwa. Basi, hilo nimelisema, tusilirudie.

Wanawake walijifunika nyuso. Mtu akanirushia kitenge, nikajifunga. Mama mkwe hakupiga kelele. Alikuja polepole, akachuchumaa kando ya kile kipande kilichobaki, akakibonyeza kwa dole gumba kuanzia chini, laini, laini, laini, mpaka akafika mahali dole likagoma. Akaomba kisu. Akakata pale, kipande cha urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, akakifunga katika kitambaa chake cha kichwani, miiba na yote. Halafu akageukia kaburi.

"Baba Jacquie," akasema, "unisamehe. Leo naongea na mukwe, juu hii neno haiwezi kupita kwa muntu mwingine."

Akanitazama usoni. Nilitamani anitukane, naapa, tusi ningelijua pa kuliweka.

"Ile bulongo yake ya zamani, uliitupa wapi?"

Niliutupa wapi? Niliutupa barabarani mbele ya lupango wangu, yaani kiwanja changu, kwenye lile shimo linalokwamisha pikipiki, nikaushindilia na gurudumu, nikasema kifusi nacho kimepata kazi. Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo sikuijua ni yangu.

"Alikuya nayo kidogo kidogo, mu mufuko ya kazi," akasema. "Kila kokoto alichagua kwa mukono yake. Alichunga na chekecheo yangu, alikamata ile iko nzuri, ingine alitupa. Miaka makumi tatu. Muti itaota tena, muti haina shida. Ile mikono, nitaiona wapi?"

Hakuna aliyecheka. Ningetoa suti kumi ili watu wacheke.

Neno la familia alilisema Ferdinand, maneno manne, akakaa. Mimi nilipelekwa nyumbani na kitenge changu kiunoni, na sikuingia hata ndani, nilipiga magoti mbele ya lupango katika lile shimo lililojaa maji ya mvua, nikaanza kuchota matope na beseni, majirani wamejipanga ukutani wakiuliza kama nimepoteza pete. Niliosha, nikachekecha, nikaosha tena, nikaanika, nikachambua punje moja moja: hii ni ya barabara, hii ni ya mzee, na ajabu ni kwamba zake nilizitambua, zote zilikuwa karibu kipimo kimoja, zote zina kona, hakuna hata moja ya duara. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Nilipata kopo moja la maziwa ya unga, halikujaa. Nikalipeleka pamoja na mbuzi (kwa ajili ya ile aibu ya chupi, desturi inadai mbuzi, na mbuzi mwenyewe aliniangalia kwa dharau njia nzima). Mama mkwe alikuwa ameshaugeukia ukuta wake tena. Alimimina zile kokoto katika kiganja, akazichezesha muda mrefu.

"Jacquie, umwambie bwana yako, kwa muti mukubwa haitoshe. Kwa hii kidogo, itatosha."

Kaktusi haikurudi kwangu, msiniulize. Iko kwa shemeji Ferdinand, kwenye dirisha lake, katika kopo lilelile lililotobolewa chini, na yule mvivu hajaigusa hata siku moja, haimwagilii, haigeuzi, nadhani anasahau kwamba ipo, na kwa sababu hiyo imeshika mizizi na imeota kichwa kipya, na familia nzima sasa inasema Ferdinand ana mkono wa mzee. Ferdinand! Mtu ambaye hajui kutofautisha bamia na biringanya! Nami naitikia kwa kichwa, nafanyaje, kwa sababu ni kweli kwamba uvivu wake umefanya kile ambacho akili yangu ilishindwa. Mwakani wataipanda kaburini, nami nitasimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Na nimeapa mbele ya Jacquie, nawaapia na nyinyi: mtu akiniachia mti wake akaniambia hauombi kitu, sitaupa kitu, na nikiona mkono wangu unakwenda kwenye ndoo ya maji, maji hayo nitayanywa mwenyewe mpaka yaishe.